Picha ya Boma Letu Lodwar

Juzi, ukutani mwa hoteli moja mpya hapa Lodwar, niliona picha kubwa ya boma letu la zamani. Chini yake wameandika: "Mahame kabla ya maendeleo." Chai ilinishinda kwa hasira.

Nyanya yangu alikuwapo alasiri ile picha ilipopigwa. Alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa shanga zake zote, na samaki alioanika, wa kutoka Kalokol kule ziwani, walikuwa wakinuka juani. Mpiga picha akamwambia, "Mama, songa kando kidogo." Nami, kwa utoto wangu, nikadhani anamwonea huruma kwa lile jua.

Baadaye alirudi na watu wa kuzungusha ua. Wakamwonyesha nyanya ile picha.

"Unaona, mama? Hapa hakai mtu."

"Na maji ya kunywa siku ile ulipewa na nani?" nyanya akamuuliza.

Mpiga picha akairudisha picha mkobani. Wenzake wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Nyanya akaketi chini, mbele ya sururu zao. Polisi walipofika na kumbeba kumtia garini, alikuwa akitaja kwa sauti majina ya wote waliozaliwa katika boma lile, na la mwisho lilikuwa langu.