Aliyeshindwa Amimine Kahawa

Wiki tatu sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama naishika simu. Na yote haya kinywa changu.

Mimi na rafiki yangu, mtu wa Tanga aliyeendesha basi hapa Stockholm mpaka akastaafu, tunasoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu kila Jumamosi asubuhi kwake Rinkeby. Tulianza binti yake hajazaliwa. Mmoja anawatetea wanazuoni wa kale wa Basra, mwenzake wale wa al-Kufa, miji miwili ya Iraki iliyobishana karne na karne, na wiki ya pili tunabadilishana. Aliyeshindwa anamimina kahawa. Hakuna msamaha.

Siku hiyo tulirudia ugomvi wao mkongwe. Kwa Kiarabu ukisema "mlango wazi", neno la kwanza, mubtada, linavaa dhuma, ile alama ya "u", mwishoni. Nani kalivisha? Basra wanasema ni kule kuanza kwenyewe. Al-Kufa wanasema hapana, mubtada na habari yake, yaani lile neno la pili, vinavishana.

"Watavishanaje?" nikamkaba, maana mimi nilikuwa Basra. "Mvishaji sharti atangulie. Kila mmoja atamtanguliaje mwenzake?"

Akainuka, akashika chupa, mkono ukamtetemeka, kahawa ikamwagika mezani. Nami, mjinga mimi, nikaangua kicheko: "Lo! Leo al-Kufa nzima inatetemeka!"

Binti yake akaniambia kwa Kiswidi, bila kunitazama, kwamba baba anaumwa, ni maradhi ya kutetemeka, na hayana dawa ya kuyaondoa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenyewe alifunga kitabu tu. Tangu hapo hakupokea simu zangu.

Jumamosi ya nne nikasema liwalo na liwe. Kutoka kwangu Rågsved ni treni mbili, na zote nilisimama ingawa viti vilikuwa vitupu. Nilishapanga: zamu yangu ni al-Kufa, nitashindwa makusudi, kahawa nimimine mimi.

Akafungua mlango mwenyewe.

"Sheikh wangu, nisamehe..."

"Zamu yako al-Kufa. Kaa."

Nikaanza kujadili kwa sauti ya hospitali, kila hoja yake nikiitikia. Akapiga meza.

"Wee! Umekuja kusoma au kuzuru mgonjwa? Simu sikupokea kwa sababu nilijua utaniletea sauti hiyo. Kama ni huruma, toka."

Hasira zikanipanda, na aibu pia.

"Haya basi! Huko kuanza kwenu si neno. Hakutamkwi, hakusikiki. Kisichokuwepo kitamvisha nani?"

Akafungua kitabu, akakifunga. Akatafuta darini, akatafuta dirishani. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Umenipata, mshenzi wee."

Akainuka. Binti yake akataka kumsaidia, akamzuia kwa kidole. Akaikamata chupa kwa mikono miwili, akamimina. Nusu ikaingia kikombeni, nusu kwenye kisahani. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu, na sikuitoa mpaka alipomaliza.