Togwa Niliyoikataa

Kaka yangu alikosea jambo moja tu: alichinja mbuzi kabla kibuyu hakijazunguka.

Kwetu milimani, juu ya Mkuyuni, ardhi ya ukoo hupita kwa mama. Wanaume huisimamia, huizungumzia na kukohoa sana vikaoni, lakini neno la mwisho ni la wanawake, na halisemwi kwa mdomo. Kibuyu cha togwa hupitishwa. Anayekubali hunywa. Mmoja akikipitisha bila kunywa, shauri limekufa. Kaka alilijua hilo tangu utotoni. Ila aliwazungukia dada zetu, watoto wa mama mdogo, akaona wote wako naye. Mimi hakuniuliza, kwa kuwa tumezaliwa tumbo moja.

Shauri lenyewe lilikuwa ziwa. Sisi tunaliita ziwa. Mgeni angeona tu mahali ambapo mto unatulia na kutanda kati ya miti kabla ya kuendelea kushuka. Bibi zetu waliombea mvua pale, na hata dini ilipokuja hakuna aliyethubutu kuingia na panga. Kila mwaka, kabla ya masika, wanawake wa ukoo tulikwenda kufagia njia na kuzoa majani yaliyoziba mdomo wa mto. Tulicheka sana siku hiyo. Tuliwasema waume zetu mpaka jua likageuka.

Akaja mwekezaji, mtu mpole mwenye buti safi. Alitaka kujenga hoteli ukingoni, na miti ipunguzwe ili wageni wayaone maji wakiwa kitandani. Akaahidi kuchonga barabara mpaka kwetu. Sitadanganya, barabara tuliihitaji. Ndizi na mdalasini wetu hushuka kichwani mpaka zinapoishia bodaboda, na mgonjwa hushuka kwa machela. Anayesema nilikataa kwa kuwa siijui shida, aje anibebee mkungu mmoja tu.

Siku ya kikao tulikula kwanza. Nami nilikula, tena nikaongeza mchuzi. Kisha kibuyu kikaanza safari yake, dada mmoja baada ya mwingine, wote wakinywa na kujifuta midomo. Kilipofika kwangu nikakishika kidogo, nikampa wa pembeni.

"Mdogo wangu, hujanywa," kaka alisema.

"Najua, kaka."

"Penye wengi pana Mungu."

"Hata waliopiga kelele Yesu asulubiwe walikuwa wengi."

Mtu mmoja alicheka, akajikuta yuko peke yake, akanyamaza. Mwekezaji aliuliza kumetokea nini na hakuna aliyetaka kumweleza. Aliaga vizuri, akashuka mlima na hakurudi tena. Nasikia alipata mahali pengine.

Nilikataa kwa sababu niliwahi kuuona mto upande wa Mlali ambao watu walifyeka miti huko juu kwenye chanzo chake, na huku chini yakabaki mawe. Nilikataa pia kwa sababu nalipenda lile ziwa. Sioni haya kusema hivyo. Nikisimama pale moyo wangu hutulia, na sikuwa tayari kuukodisha utulivu huo kwa mtu wa kitandani.

Hakuna aliyenitukana baada ya hapo. Shikamoo nilizipata kama kawaida, maana adabu haiachwi, lakini mtoa shikamoo hakusimama kungoja niulize habari za nyumbani. Wakati wa kulimiana kwa zamu ulipofika, shamba langu lilirukwa. Zamu yangu ya kupokea jumuiya ya sala nyumbani ilipofika nilichemsha magimbi sufuria zima, nikapanga viti, nikawasha mshumaa mbele ya Bikira Maria. Akaja katekista peke yake. Tulisali rozari wawili, yeye akianza na mimi nikiitikia, na magimbi nikayala wiki nzima. Mume wangu alishatangulia mbele za haki. Wanangu wako Dar es Salaam. Hupiga simu Jumapili na kuniambia, "Mama, umefanya vizuri sana," kwa sauti ya watu wenye lami mlangoni.

Kabla ya masika nilichukua fagio nikaenda ziwani. Nilikaa kwanza kwenye gogo nikiwangoja, nikijidanganya kwamba ziwa siyo mimi, kwamba watanikasirikia mimi na kazi wataikumbuka. Hawakuja. Nilifagia njia yote, nikaingia majini mpaka magotini na kuzoa majani kwa mikono. Lilipendeza mno siku hiyo, na nililia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kunisikia.

Mvua zilipokolea, kaka aliteleza kwenye migomba yake akavunjika nyonga. Vijana wanne walimtia kwenye machela wakamteremsha. Habari zilinifikia kwa sauti za watu njiani, nikachukua kanga na chupa ya chai nikawakimbilia. Niliwakuta wamepumzika pale njia inapokaribia ziwa. Kaka alikuwa ameuma kitambaa ili asipige kelele. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Nilijua kwamba kwa barabara ile angekuwa ameshafika hospitali, na kila aliyekuwepo alijua hivyo.

Nilimfunika miguu kwa kanga. Akatoa kile kitambaa mdomoni.

"Pole, kaka," nilisema.

Aligeuza kichwa akayatazama maji kwa muda, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Umeliokoa," alisema. "Sasa kaa nalo."

Vijana wakainua machela. Nilitaka kuwafuata mpaka chini, lakini hakuna aliyegeuka kuniambia twende, nami nikabaki nimesimama njiani na chupa ya chai mkononi.