Giaboksi ya Bi Esteri Yagoma Kasulu

Bi Esteri wa Kibondo alizaliwa ameshika bisibisi. Mkunga mwenyewe aliapa hivyo, na mkunga yule hakuwa msema uongo isipokuwa siku za gulio. Darasani hakukanyaga hata siku moja, lakini cherehani mbovu zikimwona anakuja huanza kushona zenyewe kwa woga.

Basi Badru, mwenye duka la vipuri Kasulu, alitaka kichwa kidogo cha treni cha kuweka dirishani, kitembee kweli, kiwasimamishe wapita njia. Akatangaza kwamba fundi ambaye kichwa chake kitapanda ubao ulioinamishwa kikivuta kilo ya maharage, huyo atapewa baraza ya duka afanyie kazi zake. Bi Esteri aliitaka baraza hiyo kuliko chakula. Miaka thelathini ametengeneza cherehani za watu juani, mvua ikija anakimbia nazo kichwani. Ridhiwani, fundi saa, naye aliitaka.

"Mama, gia si ugali," Ridhiwani alimwambia mbele za watu. "Hazisongwi."

"Tutaonana kwenye ubao, mwanangu."

Giaboksi ilimla wiki tatu. Alikata shaba ya kufuli bovu akapata kuta mbili, akazitoboa, akapitisha spoku ya baiskeli iwe ekseli. Gia alizitoa kwenye saa ya ukutani, mota kwenye redio ya kaseti. Kipimo hakuwa nacho, kwa hiyo alibana ganda la kitunguu kati ya gia na gia, akakaza skrubu, kisha akazizungusha litoke. Likichanika, gia zimebanana mno. Likitoka halina alama, zimeachana. Yeye alitaka litoke na nyayo za meno tu. Alimaliza vitunguu vya mtaa mzima, watu wakala maharage bila kiungo mpaka wakanuna. Mwisho akadondoshea mawese, maana kwao mawese ndiyo ya kupikia, ya kupaka ngozi na ya bawaba za milango. Mchana ule, jua likiwaka, kichwa kilikimbia uani hadi jogoo akahamia kwa jirani.

Alishuka Kasulu asubuhi ya Julai, baridi inagonganisha meno ya watu. Kichwa cha Ridhiwani kilikuwa kimefika katikati ya ubao na maharage yake, kisha kikarudi kinyumenyume. Badru akaunganisha cha Bi Esteri kwenye betri. Mota ikaguna. Magurudumu hayakutikisika.

"Lete nikufungulie, mama," Ridhiwani akasema, mkono tayari umenyooshwa.

"Oya," alijibu Bi Esteri kwa lugha ya nyumbani, na hapana ile ilikuwa na mlango na komeo.

"Bi Esteri, si vibaya kusaidiwa," Badru akamsihi.

"Nimekiunda mimi. Kikifa, kitafia mikononi mwangu."

Akafungua kifuniko mwenyewe. Ndani, mawese yalikuwa yameganda kama nta, rangi ya chungwa, yamekumbatia gia zote. Angeweza kusingizia betri. Akakigeuza kichwa cha treni kila mtu aone.

"Nimekosea mafuta. Gia sijakosea."

"Kumbe umepika mboga," Ridhiwani akasema, baraza nzima ikacheka.

"Cheka upesi, mwanangu. Muda wako mfupi."

Akaomba mafuta ya taa kidogo, akaosha gia moja moja, akazifuta kwa upindo wa kitenge. Akarudisha kila kitu, akatia matone mawili ya mafuta ya cherehani, akasukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka lenyewe, taratibu, mpaka waliokuwa wakicheka wakasogea kutazama. Waya za betri akazishika yeye.

Kichwa kikapanda. Hakikuharakisha wala kuteleza, kikaburuta maharage mpaka juu, kikapitiliza, kikamwangukia Badru mapajani. Wapo wanaoapa kilipiga honi, na honi hakikuwa nayo.

Ridhiwani akakohoa. "Baraza hii, mama, inatosha mafundi wawili."

"Inatosha," Bi Esteri akasema, huku akikunja waya. "Wewe utakaa kule mwisho."