Tope jekundu kwenye tangi la choo

Tangu miaka ya sabini nimeficha jambo kuhusu tangi la choo chetu, na kwa afya hii sitaki kufa nalo.

Leo Zuhura, fundi bomba, amekuja kutufungia choo kipya kinachotumia maji kidogo.

Akafungua tangi la zamani. Chini kulikuwa na tope jekundu, limeganda kama ukoko.

"Babu, kumbe hili ndilo lililompa babu yangu jina la Fundi Matope?"

Babu yake ni Rashidi, aliyetufungia mabomba wakati ule. Mtaa mzima ulisema mabomba yake yanaleta matope. Mimi ndiye niliyeanza kusema hivyo, na kwa kuwa ni mwalimu, wakaamini.

(Nyie mliomwita hivyo, someni hadi mwisho.)

Mke wangu akacheka. Zuhura hakucheka.

Nikamwomba ampigie simu babu yake, anayeishi kijijini Kasokola.

"Mwalimu, bado upo?" Rashidi akauliza, kwa furaha kabisa.

"Nipo. Rashidi, mabomba yako yalikuwa safi. Nilitumbukiza tofali kwenye tangi ili nibane matumizi ya maji, na tofali lenyewe lilikuwa halijachomwa."