Thelathini na Ishirini

Sokoni Busia ninapouza vitunguu, bei hupunguzwa kwa shilingi. Mteja akilia namtolea kumi, akilia tena namtolea tano, jumla kumi na tano. Miaka yote hiyo hakuna aliyenipunja hata ndururu, nami nilijivunia hilo kupita kiasi.

Ndiyo maana nilipoona duka moja la mjini limebandika punguzo la asilimia thelathini, na ishirini zaidi kwa atakayelipa kabla ya saa nne asubuhi, sikuhitaji kalamu. Thelathini na ishirini ni hamsini. Godoro la elfu nne litakuwa elfu mbili. Binti yangu alitakiwa kuripoti shule ya bweni huko Angurai kesho yake, na barua ilisema wazi kwamba asiye na godoro atarudishwa langoni. Nikatenga elfu mbili na nauli yetu wawili. Nyumbani hakukubaki kitu.

Asubuhi mashine ya duka ikasoma elfu mbili mia mbili na arobaini.

"Mama, ndio bei hiyo," keshia akasema.

"Unaniibia mchana hivi! Mimi ni mtu wa biashara, usinicheze!"

Foleni nzima ikageuka. Nilipiga meza, nikamwita msichana wa watu mwizi. Saa ya ukutani ilibakisha dakika tano ifike saa nne, na baada ya hapo bei ingepanda hadi elfu mbili mia nane. Akilini nilimwona mwanangu akirudishwa kutoka langoni na sanduku lake kichwani.

Binti yangu, aliyekuwa kando yangu, akanivuta mkono. "Mama, ako sawa. Hiyo ishirini wanatoa kwa elfu mbili mia nane imebaki, si kwa elfu nne. Ni mia tano sitini tu."

Hasira hasara. Nauli yangu ya kwenda na kurudi ndiyo iliyoziba pengo. Nililipa huku nalia mbele za watu, wala sikujali.

Kwenye stendi ya magari ya Malaba, njia ya kwenda Angurai, godoro likafungwa juu ya gari. Nilikuwa nimeahidi kumfikisha mpaka bwenini na kumtandikia kitanda mwenyewe. Sasa alikuwa anaenda peke yake, mtoto ambaye hajawahi kulala nje ya mtaa wetu wa Burumba. Nilimwomba msamaha, kisha nikamuuliza alijua lini kwamba nimekosea.

"Jana jioni, ukipiga hiyo hesabu."

"Na ukaninyamazia? Si ningekopa hata kwa jirani!"

Akainamia viatu vyake. "Ulikuwa unaimba, Mama. Tangu tuzike Baba sikuwa nimekusikia ukiimba. Niliogopa utanyamaza."

Gari likawashwa, akapanda. Nilimpungia mkono mpaka likaondoka.