Walionitajirisha Niliwalipa Makande

Naomba msinitafute, na jina la binti yangu nimelibadilisha. Nimekosa. Mimi ni mnyonyaji, tena wa kijijini, wa kuvaa kandambili. Enzi zetu shuleni nilikuwa naongoza wimbo wa kuwalaani mabepari, sauti yangu inasikika mpaka barabarani. Kumbe nilikuwa najiimbia mwenyewe!

Huku kwetu Ulyankulu tunalimiana kwa zamu. Mwenye shamba anapika, majirani wanakuja na majembe yao alfajiri, mnalima mnaimba mpaka jua linakaa utosini, mnakula, mnatawanyika. Wiki inayofuata ni zamu ya mwingine, na wewe uliyelimiwa unabeba jembe unakwenda kwake. Hakuna anayemlipa mtu. Mashamba yenyewe ni ya kulisha watoto tu.

Mimi shetani akanipitia. Nikakodi pori kubwa la kulima alizeti ya kuuza, halafu nikaita watu kama kawaida. Nikapika makande. Jamani, watu wa kwetu wanajua kulima! Walilima, wakarudi kupalilia, wakarudi kuvuna, kila safari kwa sufuria ya makande na togwa. Mwaka uliofuata nikaongeza pori.

Zamu ya wenzangu ikifika, nina mgongo. Natuma salamu kwamba mgongo umenikaba, siwezi kuinama. Mgongo huohuo ulishusha mashine ya kukamua mafuta kwenye lori nilipoinunua Tabora mjini, wala haukulalamika. Basi majirani wakawa wananunua kwangu, kwa bei ya dukani, mafuta ya alizeti waliyoilima wao. Na sipunguzi.

Nikajenga nyumba ya bati la rangi. Watu wakiniuliza siri yangu, najibu kifua mbele kabisa kwamba ni jasho langu. Mke wangu, Mama Jesca, siku moja akanikatisha mbele ya wageni.

"Jasho lipi, Baba Jesca? Mashati yako nafua mimi."

Nilinuna mpaka jioni.

Ikafika shughuli ya kumuaga Jesca. Mchumba wake ni kijana wa Puge, kule Nzega, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Shughuli ya namna hiyo huku haipikwi na mwenye nyumba, wanapika majirani. Nikanunua mchele, nikachinja ng'ombe, nikapitisha taarifa nyumba kwa nyumba.

Jumamosi asubuhi uwanja mweupe. Hata mbwa wa jirani hakuja.

Nikaenda kwa Mama Kulwa, jirani yetu wa karibu kabisa, ambaye ndiye alikuwa akianzisha nyimbo kule shambani kwangu. Akanikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akasema angekuja ila mgongo. Nyumba ya pili, mgongo. Kwa fundi baiskeli, mgongo. Kijana mmoja nilimkuta juu ya mti anatundika mzinga wa nyuki, akaniambia kutoka hukohuko juu kwamba mgongo unamtesa, hawezi hata kuinuka kitandani.

Hapo nikaelewa. Nikarudi kupika mwenyewe na Mama Jesca. Wali ukaungua chini, juu mbichi. Nyama nikaitia chumvi, Mama Jesca naye akaitia chumvi. Jesca amejifungia chumbani analia, nywele hazijasukwa, maana waliopaswa kumpamba nao wanaumwa mgongo.

Wakwe wakafika. Baba wa kijana akautazama uwanja mtupu, akanitazama mimi mwenye masizi mpaka puani, akauliza majirani wako wapi. Nikasema wanaumwa. Akauliza kama wanaumwa wote. Nikasema wote. Wakatoka nje ya ua kuteta.

Ndugu zangu, huku kwetu mtu akikosa majirani siku ya shughuli, basi ni mwizi au ni mchawi. Nikamsikia shangazi wa kijana akisema warudi zao Puge, mtoto wao asije akaoa matatizo. Na Jesca kule chumbani amesikia kila neno. Moyo ulinipasuka.

Nilitimua mbio mpaka kwa Mama Kulwa, mgongo mzima kabisa. Nikapiga magoti, baba mzima, nikamwambia ataje anachotaka nilipe.

Akaniambia, "Baba Jesca, babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani, lakini walilipwa vitambaa. Wewe umetupa makande, tena hayajaungwa."

Akasema hela yangu hataki. Anachotaka ni niende nikawaambie wakwe zangu ile alizeti ililimwa na nani, kwa sauti ileile ninayosemea jasho.

Nikaenda. Nikasema yote, mpaka habari ya mgongo. Yule shangazi alicheka hadi khanga ikamvuka! Mama Kulwa alikuwa amesimama nyuma yangu akihakikisha siruki kitu. Nilipomaliza akapiga kigelegele, na wanawake wakaingia na masufuria vichwani. Walishapika uani kwake tangu alfajiri, kwa mchele wao na kuku wao. Wakasema Jesca ni mtoto wao, wasingemwaibisha hata kidogo. Waliyekuwa wanamsubiri ni mimi.

Tukiwa tunakula, baba wa kijana akaniinamia sikioni, akaniuliza pori lile lilikuwa na ukubwa gani na makande yalitosha vipi. Nikamwambia asithubutu.

Jesca alipoondoka alimkumbatia Mama Kulwa kwanza, kisha wale wanawake wengine mmoja mmoja, kisha yule kijana wa mizinga. Mimi nilifikiwa mwisho, gari limeshawashwa. Nililia kuliko yeye.

Mavuno ya safari hii tumegawana. Sijawa malaika, roho iliniuma kila gunia lilipotoka.

Wewe unayetafuta mali, tafuta, sikukatazi. Ila siku moja waite watu waliokuzunguka waje kwenye shughuli yako, usiwaahidi chochote. Wakija, kula mali yako kwa raha zako. Ukiona unaogopa kuwaita, anza kujifunza kupika wali mapema.