Mti Usiotaka Kubembelezwa

"Mti wangu ukinyauka kiangazi hiki, nitaung'oa kwa meno!" Fundi cherehani aliyasema hayo katikati ya mkutano wa mtaa, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mtaa ulitaka kila nyumba ipande ukoka na maua mbele. Yeye alikuwa na mti wa porini wa majani matatumatatu, alioutoa majabalini mdogo kama kijiti, na sasa ulimfika kifuani. Wakakubaliana: ukifa, unang'olewa. Lakini fundi aliuhitaji. Wateja wake walipimwa barazani kwenye jua la saa nane, na mmoja mmoja walikuwa wanahamia kwa fundi mwenye kivuli.

"Shoga, hizo ni kuni," jirani yake, Bi Waridi, alimwambia. "Umezipanda mapema tu."

"Na waridi zako zinakunywa maji kama harusi ya bure."

Mwaka wa kwanza wa mti huo, fundi alikuwa akiumwagilia ndoo moja kwa wiki. Huu wa pili akaacha: mti wa ukame ukidekezwa, mizizi inakaa juu kusubiri kikombe. Ajabu, katikati ya kiangazi majani yakageuka manjano. Bi Waridi akaanza kupita polepole, akiimba.

Fundi akachimbua shinani kwa mkasi wake wa kitambaa, ambao hata mumewe haruhusiwi kuugusa. Tope. Kiangazi kikavu, tope!

Kesho yake alfajiri akajibanza dirishani. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, huyo ananyata na beseni la maji ya vyombo.

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Kila siku nauombea na kuunywesha. Ungeung'oa kwa meno gani, na mawili yako ni ya kubandika?"

"Mama, unauzamisha!"

Beseni likafungiwa kabatini. Mama mkwe akapewa kiti na cheo: mlinzi wa mti, dhidi ya watu wenye huruma. Wiki tatu baadaye chipukizi zikatoka, tatutatu. Maji ya bomba yalipoanza kuja mara moja kwa wiki, waridi zikabaki miiba.

Viangazi viwili baadaye wateja walipimwa kivulini, ndege wakigombania vitunda vyekundu juu yao. Mbegu zilizobaki mama mkwe alizipanda kwenye makopo.

Bi Waridi akaja, mikono nyuma. "Shoga, hivi hizo kuni zako... mnauza?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Mama mkwe akajibu kutoka kitini:

"Mche mmoja, mia tano."